Maiki Iliyoachwa Wazi

Kanisani kwao kila mtu alimwita Fundi Sauti, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye cheti cha ndoa tu. Siku za kazi alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, feni na pasi, kibanda chembamba kiasi kwamba mteja mwenye mwili wake akiingia, fundi sharti atoke nje. Jumapili alikaa nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango, kwenye meza ya mitambo yenye vidude vya kusukuma juu na chini, kimoja cha mchungaji, kimoja cha kwaya, kimoja cha kinanda. Waumini walimpa mgongo ibada nzima. Hakuna aliyemkumbuka mpaka spika ipige mluzi, na hapo shingo zote hugeuka wakamkodolea macho kana kwamba amekanyaga mtoto wa mtu.

Sasa, kwa kukaa pale nyuma miaka nenda miaka rudi, Fundi alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua, na heri asingekijua. Mchungaji wao alikuwa mtu mwema, hana makuu, na alikuwa na kawaida yake. Akimaliza kuhubiri alifumba macho, akashusha sauti, akasema, "Na sasa tunyamaze mbele zake." Hapo mpiga kinanda huanza kupapasa taratibu, na Fundi kule nyuma husukuma kidude cha kinanda juu, pole pole, huku akiitilia maiki ya mchungaji mwangwi kidogo. Utasikia mama mmoja anavuta kamasi, halafu mwingine, halafu kanisa zima linalia. Wakitoka nje wanafuta macho wakiambiana kwamba leo Bwana ametutembelea. Fundi anabaki ndani anakunja waya, anakitazama kidole chake.

Usimdhanie mtu wa dhihaka. Angekuwa mtu wa dhihaka angelala usingizi wake vizuri. Yeye alitaka, tena alitaka sana. Alibatizwa angali kijana, akatoka majini akitetemeka, akangojea ile amani waliyoisimulia wenzake. Alichopata ni mafua. Akajipa moyo kwamba itakuja tu. Akajiunga na kwaya, wakamvumilia, halafu wakamtoa kwa heshima zote, maana sauti yake ilikuwa inawapoteza hata wanaojua. Ndipo akajitolea mitambo, akasema moyoni kwamba hata mlinda mlango yumo nyumbani. Nywele zikaota mvi, na bado kila Jumapili aliwaona wengine wakiguswa, yeye akiwa mkavu. Alikuwa na wivu, basi. Wivu wa mtu mzima, ule unaomezwa pamoja na mate.

Aliyemweka kanisani ni mkewe. Mtaa mzima ulimwita Bibie, kwa mwendo wake wa madaha na kwa namna alivyokuwa anavaa kitambaa cha kichwa hata akienda kumwaga takataka. Bibie aliimba kwaya, sauti ya pili, na Fundi angeweza kuitambua katikati ya sauti zote hata umzibe sikio moja. Alikuwa anamtania mumewe kwamba Mungu alimpa masikio ya malaika na koo la chura. Bibie aliamini kama wengine wanavyopumua. Akipoteza ufunguo anaomba, akiupata anashukuru, asipoupata anashukuru pia na kuvunja kufuli.

Kisha Bibie akaanza kukohoa. Kwanza walilaumu vumbi, baadaye hali ya hewa, mwishowe wakaenda hospitali, na daktari akawaambia kwa upole kwamba mapafu yamekakamaa, dawa zitapunguza makali tu, mapafu hayatarudi. Akatoka kwaya. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kwenda kanisani, na mwisho kitanda ndicho kikawa nyumba yake, amewekewa mito mgongoni kwa sababu akilala chali anakabwa. Dada yake akahamia pale kumuuguza. Huyu shemeji wa Fundi alikuwa mwanamke wa shoka, mdomo haukai kimya, na utani wake ndio ulioifanya nyumba isigeuke kaburi kabla ya wakati.

Kanisa liliomba. Walikuja akina mama wakamzunguka kitandani, wakamwekea mikono, wakalia, wakanywa chai. Mchungaji alikuja mara nyingi kuliko ilivyompasa. Bibie akazidi kudhoofu.

Kwa kuwa hakuweza kwenda ibadani, Fundi alimletea ibada nyumbani. Mashine ya mitambo ilikuwa na tundu la kuchomeka flashi, kwa hiyo kila Jumapili alirekodi ibada nzima, akaja nayo mfukoni, akaichomeka kwenye redio ndogo iliyokaa juu ya kabati karibu na kitanda. Mchana, wakimaliza kula, walisikiliza pamoja, yeye kwenye kiti, Bibie kwenye mito yake. Na ilipofika pale mchungaji anaposhusha sauti, kinanda kikapanda, Bibie alifumba macho akainua kidole.

"Hapo," alisema. "Hapo yupo."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Ndani alikuwa anaungua. Hapo ndipo alipokuwa amesukuma kidude. Hakuwahi kumdanganya mkewe hata kwa bei ya kiatu, na sasa mwanamke huyu alikuwa anaelekea kwenye mlango ambao hakuna anayerudi, na alichokishikilia njiani, kwa hesabu ya Fundi, ni kidole cha mumewe. Amwambie? Amwibie na hicho kidogo? Au anyamaze, amwache aende akiegemea kitu kisichokuwepo? Alizunguka na swali hilo kibandani mpaka akaanza kuunganisha waya kinyume. Mteja mmoja alirudisha feni ikizunguka kwa nyuma, akamwuliza kama sasa inavuta joto badala ya kulitoa.

Jumamosi moja alasiri alikwenda kanisani kuandaa mitambo kama kawaida yake. Kanisa lilikuwa tupu, viti vimepangwa, feni za darini zinazunguka bila mtu wa kumpepea. Alichomeka flashi, akabonyeza kurekodi ajaribu kama inashika, akawasha maiki ya mimbarini, akaenda mbele. "Moja, mbili. Moja, mbili." Sauti yake ikamrudia kutoka kila spika. Na pale, sijui ni uchovu, sijui ni ile asubuhi ambayo Bibie alishindwa kumaliza kunywa kikombe cha chai, uvumilivu ukamwishia. Mwanamume aliyekuwa amenyamaza miaka yote akafungua mdomo.

Alimwuliza Mungu kama yupo. Hakumwuliza kwa adabu. Alimwambia kwamba yeye ni fundi, mtu akisema kwenye maiki taa inawaka pale mezani, sasa kwake Mungu taa haijawahi kuwaka hata mara moja, na si kwamba hajachunguza waya. Akamwambia kwamba amechoka kumfanyia kazi yake ya kuwaliza watu. Akamtajia jina la mkewe, lile jina halisi ambalo mtaani halijulikani, akalirudia, akasema huyu anakupenda, huyu hajawahi kukukosea kwa kusudi, unamwacha anatafuta pumzi kama mtu aliyeibiwa. Akaomba, akafoka, akaomba tena. Alipomaliza alingoja. Kisha akashuka, akajikwaa kwenye waya, akautukana, akapenga kamasi, akazima kila kitu kwa kuvuta swichi kubwa ya ukutani, akaenda zake. Kurekodi alikuwa amesahau kabisa.

Kesho yake baada ya ibada kulikuwa na harusi, wakamhitaji abaki na mitambo mpaka jioni. Flashi akampa shemeji, aliyepita kuichukua, aende nayo nyumbani. Shemeji akaichomeka kwenye redio, akambonyezea dada yake, akaenda uani kufua. Sasa redio zile, ndugu yangu, hazina akili. Huanzia mwanzo wa flashi, kwa kilichorekodiwa kwanza.

Fundi aliporudi alimkuta Bibie amenyamaza. Akamwuliza ibada ilikuwaje, akajibiwa kwamba ilikuwa nzuri. Kidole hakikutajwa. Wiki ile kila alipoingia chumbani aliikuta redio imelazwa juu ya mto, karibu na sikio, na Bibie akimwona alikuwa anaizima. Fundi alifikiri anarudia mahubiri. Aliona uchungu, akaona pia afadhali.

Jumamosi ikafika, akaja kuchukua flashi arekodie tena.

"Hii usiifute," alisema Bibie. "Tafuta nyingine."

"Kuna nini humu cha kutunza hivyo?"

Bibie alikuwa anaitafuta pumzi. Fundi akabonyeza redio mwenyewe, na redio ikasema kwa sauti yake: moja, mbili. Moja, mbili. Akaizima upesi kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Akaketi. 

"Umesikia yote?"

"Mpaka ulipoutukana waya."

"Nisamehe, Bibie. Sikutaka uyasikie yale."

"Nikusamehe nini?" Alisema maneno machache, akapumzika, akaendelea. "Miaka yote nimelala na wewe nikidhani huombi. Nikidhani unafumba macho kwa sababu wenzako wamefumba."

"Ile haikuwa kuomba. Ule ulikuwa ugomvi."

"Uligombana na nani, basi?"

Fundi akairudisha redio juu ya mto. Akaona lililobaki ni kusema kweli yote, liwalo na liwe. Akamweleza habari za kidude cha kinanda, na mwangwi, na kwamba pale alipokuwa anainua kidole akisema yupo, ni yeye mumewe aliyekuwa pale, kwa mkono wake. Alisema akiwa ameinama anautazama mkeka. Alipoinua uso akamwona Bibie analia, na akajua ameshamuua kabla ya siku yake.

"Najua habari za kinanda," alisema Bibie. "Nimeimba kwaya miaka mingapi? Unadhani sisi kule mbele hatukusikii ukikipandisha?"

"Sasa kidole?"

"Kidole kilikuwa kwa ajili yako." Akakohoa, Fundi akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita. "Tangu nimelala hapa sijasikia kitu, Fundi. Naomba, naona dari. Lakini wewe ulikuwa unaingia na flashi yako, unakaa pale, unanitazama usoni kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Ningefanyaje? Nikasema nikikwambia hapa hakuna kitu, huyu ataacha kabisa."

Jamani. Watu wawili ndani ya chumba kimoja, wamekula sahani moja maisha yao yote, kila mmoja anamfichia mwenzake umaskini wake. Fundi alitaka kucheka, akalia. Alilia vibaya, kwa lile koo la chura, na Bibie akampapasa kichwa kwa mkono uliokuwa umebaki mifupa. Alimwambia kwamba anaogopa. Hakuwa amemwambia mtu, hata dada yake. Kufa kwenyewe aliona si neno, ila usiku na mchana anafikiria ile dakika ya mwisho, pumzi inapogoma, na hakuna mtu karibu.

Ndipo Fundi, ambaye bado ni fundi hata akiwa analia, akamwuliza lililokuwa linamkereketa. Baada ya yeye kunyamaza kule mimbarini, kwenye ile rekodi, kulisikika kitu chochote?

"Feni," alisema Bibie. "Na ndege juu ya bati. Halafu wewe unapenga kamasi."

"Basi?"

"Basi. Lakini ulitaja jina langu pale mbele. Naisikiliza kwa sababu hiyo." Akamshika kidole. "Niombee sasa. Vilevile kama kule. Usinipambie."

Fundi hakujua aanzie wapi. Maombi yote aliyoyajua yalikuwa na kinanda chini yake. Mwishowe akasema, "Bwana, sijui kama umo humu ndani. Mke wangu anaogopa, na mimi naogopa kuliko yeye. Sikuombi mapafu tena. Nakuomba kitu kimoja. Asiwe peke yake. Atakapofika pale nisipoweza kuingia, uwepo wewe. Amina."

"Amina," alisema Bibie. Wakakaa. Nje mtu alikuwa anapigilia misumari.

"Umesikia kitu?" aliuliza Fundi.

"Hapana. Wewe je?"

"Hapana."

Lakini hawakuachiana mikono, na shemeji alipoingia na chai akawauliza kama wamekaa hivyo wanasubiri mpiga picha, maana kama ni picha, dada yake angechana nywele kwanza. Bibie akacheka mpaka akakohoa, na shemeji akajilaumu siku nzima.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kibandani Fundi aliomba maneno yaleyale, asiwe peke yake, uwepo wewe. Hakuongeza, hakupunguza. Alimwambia shemeji pia kwamba Bibie asiachwe peke yake, na shemeji akaelewa. Wakapeana zamu bila kuandikiana, mmoja akitoka mwingine anaingia, wala hapakuwa na ugumu, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa ndogo.

Bibie alifariki siku ya kazi, mchana kweupe. Fundi alikuwa kibandani amefungua redio ya mteja, ameshika kichomeo cha kuunganishia waya, moshi wa risasi inayoyeyuka unampanda puani. Shemeji alikuwa ametoka uani mara moja kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limefunga ghafla na shuka za mgonjwa ziko kwenye kamba. Aliporudi na shuka mkononi, dada yake alikuwa ameshakwenda. Amegeukia upande wa kiti, na kiti kilikuwa kitupu. Mvua yenyewe haikunyesha.

Shemeji ndiye aliyekuja kumwita, na katika maisha yake yote ile ndiyo mara pekee aliyokosa la kusema. Alisimama mlangoni pa kibanda bado amebeba shuka. Baadaye alimwambia Fundi mara nyingi, akipiga paja, kwamba ni shuka tu, alikwenda kuanua shuka tu. Fundi alimwambia hana kosa, na alimaanisha. Hakuwa na hasira na shemeji.

Kwenye mazishi walitafuta mtu mwingine wa kushika mitambo, wakakosa, na Fundi akasema atashika mwenyewe. Akina mama walinong'ona kwamba haifai mwanamume kumfanyia kazi marehemu wake, lakini yeye aliketi kule nyuma kwenye meza yake, na jeneza likiwa mbele, mbali. Kwaya iliimba na sauti ya pili ilikuwa na tundu. Mchungaji alihubiri maneno mazuri. Kisha akafumba macho, akashusha sauti, akasema, "Na sasa tunyamaze mbele zake." Mpiga kinanda akainama, vidole vikaanza kupapasa, na Fundi akakishusha kidude cha kinanda mpaka chini kabisa, akauondoa na mwangwi.

Sauti ya mchungaji ikatoka kavu, sauti ya mzee mwenye kikohozi. Mwenyewe alishtuka, akafumbua macho, akapoteza maneno aliyoyazoea. Akasema, "Bwana, tulikuomba, na amekufa."  Watu wakageuza shingo kutazama nyuma, wakidhani mitambo imeharibika. Hakuna aliyelia pale walipozoea kulia. Mpiga kinanda alibonyeza na kubonyeza, akaacha. Baadaye, nje, mchungaji alimshika Fundi bega akamwuliza kama kinanda kiligoma. Fundi akasema hakikugoma. Mchungaji akamtazama, akamshika bega tena.

Watu walidhani ataacha kanisa. Shemeji naye alidhani hivyo. Jumamosi iliyofuata, alasiri, alimwona anavaa viatu, akamwuliza anakwenda wapi, akasema anakwenda kuandaa mitambo, kwani kesho si Jumapili?

Kanisa lilikuwa tupu, maua ya mazishi bado yako mbele, yameshaanza kunyauka. Akachomeka flashi kwa mazoea, akaangalia kama kurekodi kumezimwa, akahakikisha tena. Akawasha maiki ya mimbarini, akaenda mbele. Moja, mbili. Moja, mbili. Ilikuwa inashika vizuri. Akashika kingo za mimbari kwa mikono yote miwili.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. Safari hii hakufoka. "Shemeji alikuwa uani. Mimi nilikuwa kibandani. Kwa hiyo kama wewe hukuwepo, hakukuwa na mtu."

 Feni zilizunguka. 

"Siwezi kujua. Ndiyo maana nimekuja. Sina tena cha kukuomba mbele, nakuomba nyuma. Naomba iwe ulikuwepo."

Alisimama pale mpaka jua likahama kwenye viti vya mbele. Kisha akaizima maiki ile, akachukua ya kwaya, akaipuliza, akaanza kuijaribu.